Vyeti Vimejaa, Ramani Hazina Kazi

Wiki hii, katika ukumbi fulani wa hoteli, Morogoro au Bagamoyo, kuna bango limetundikwa ukutani: mafunzo ya kuwajengea uwezo watumishi wa serikali za mitaa katika matumizi ya takwimu za setilaiti. Sijapiga simu kuuliza kama ni kweli. Sina haja. Siku ya kwanza mgeni rasmi anachelewa. Siku ya pili watu wanapakua programu. Siku ya tatu intaneti ya hoteli inagoma. Siku ya nne washiriki wanachora ramani ya bonde moja la Ulaya ambalo hakuna hata mmoja wao atakayelikanyaga, kwa kuwa mkufunzi alikuja na data zake za mazoezi na hakuona sababu ya kuzibadilisha. Siku ya tano ni vyeti, picha ya pamoja na foleni ya kusaini posho. Jumatatu kila mtu yuko kituoni kwake, na ile ramani imebaki kwenye kompyuta ya kukodi.

Mchezo huu umechosha. Umekula fedha zetu, na mbaya zaidi, umetupa kisingizio cha kusema jambo limefanyika.

Sina ugomvi na elimu. Ugomvi wangu ni na mafunzo yanayomfundisha mtumishi kutumia kitu ambacho hakuna uamuzi hata mmoja wa halmashauri yake unaokihitaji. Hakuna kibali cha ujenzi kinachokwama kwa kukosa ramani ya mafuriko. Hakuna bajeti inayorudishwa kwa sababu picha ya setilaiti imeikana. Afisa akiwa na ujuzi huo au asiwe nao, kikao kinaanza saa ile ile, muhtasari unasomwa, yatokanayo yanajadiliwa, watu wanakunywa chai. Mnataka akumbuke aliyofundishwa kwa ajili ya nani?

Halafu watu wazima wanasimama mbele ya kamera kusema tatizo ni teknolojia ghali. Ghali kwa nani? Zamani ilikuwa hivyo kweli: picha moja ya Landsat, setilaiti za Marekani zinazoipiga picha dunia tangu 1972, iliuzwa kwa takriban dola 600. Mwaka 2008 Wamarekani wakafungua ghala lote bure. Wazungu wa Ulaya nao wakarusha Sentinel-2 kuanzia 2015, setilaiti mbili zinazopita juu ya kila kijiji chetu kila baada ya siku tano na kutoa picha bila kudai senti. Takwimu za mvua zinazokadiriwa kwa setilaiti zipo mfululizo tangu 1981. Miinuko na mabonde ya karibu dunia nzima ilipimwa kwa rada kwa siku 11 tu Februari 2000, na tangu 2014 vipimo hivyo vinapatikana bure kwa Afrika, kila mita 30. Programu ya QGIS ya kuyachambua yote hayo nayo ni ya bure. Hata ukisema bando halitoshi kupakua, siku hizi picha hufunguliwa na kuchambuliwa humo humo mtandaoni.

Kisichopatikana bure ni dhamira, na hiyo haifundishwi hotelini.

Nichukue mfano wa shambani, kwa sababu huko ndiko ninakotaka wasomaji wangu wa mijini watazame kwanza. Afisa ugani wa kata yenye mpunga, tuseme Mbarali, ana vijiji vingi, pikipiki moja na mafuta ya kubahatisha. Picha ya Sentinel-2 imegawanyika katika miraba ya mita 10 kwa 10. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo shamba la ekari moja lina miraba kama 40, na la nusu ekari lina kama 20. Kwa kila mraba setilaiti imepima mwanga mwekundu uliorudi angani na mwanga wa infraredi ambao jicho letu halioni. Jani lenye afya humeza mwekundu na kurudisha infraredi kwa wingi; jani lililonyauka hulegea pande zote mbili. Kompyuta inatoa hesabu ya tofauti hiyo na kupaka rangi. Afisa anaona skimu nzima mbele yake: huku kijani, kule njano, na pale mwishoni mwa mfereji, ambako maji huwa hayafiki, miraba imegeuka kahawia wiki mbili kabla mkulima hajaja ofisini kulalamika. Sasa lita zake mbili za petroli zina pa kwenda.

Akifika, atakuta mengine siyo. Magugu nayo ni kijani, na setilaiti haijui gugu wala mpunga. Wakati wa masika wingu hufunika kila kitu, na hapo inabidi atumie picha za rada za Sentinel-1 zinazopenya wingu lakini zinazohitaji mtu aliyezizoea. Ndiyo maana ya kuwa na afisa! Picha inampunguzia pa kutafuta, yeye na mkulima wanamalizia kwa miguu. Linganisha na tunavyopata makisio ya mavuno sasa hivi: mtendaji anapigiwa simu, anakuna kichwa, anakumbuka namba ya mwaka jana, anaipunguza kidogo kwa kuwa mvua ilichelewa, na namba hiyo inapanda wilayani, inapanda mkoani, inaingia kwenye kitabu, inaamua kama chakula kinatosha au kinaagizwa. Nchi nzima inakula kwa namba hiyo.

Watakaoniambia kwamba Tanzania hatujawahi kufanikiwa katika haya, nawakumbusha Arusha. Katika muongo uliopita, chini ya mradi wa kuendeleza miji ya kimkakati uliopata fedha za Benki ya Dunia, jiji lile lilitumia picha za setilaiti kuhesabu majengo yake. Kwenye daftari la kodi yalikuwemo yapata 23,000. Picha ilionyesha zaidi ya 100,000. Isome tena namba hiyo polepole. Karibu majengo manne katika kila matano hayakuwepo kwenye vitabu vya jiji, ingawa yalikuwepo juani, yamejengwa kwa tofali, wenyewe wamo ndani. Wapimaji, maofisa mapato na watendaji wakajifunza mfumo kwa sababu asubuhi kulikuwa na kazi: nyumba hii ni ya nani, ina thamani gani, bili yake ipelekwe wapi. Hakuna aliyehitaji kubembelezwa na posho ili akumbuke. Kazi ilikuwa inamkumbusha.

Kisha tukafanya nini? Mwaka 2016 Serikali Kuu ikaanza kuihamishia TRA kodi ya majengo. Viwango vya mkupuo vikafuata. Mwaka 2021 kodi ikaingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikakatwa mtu anaponunua umeme. Nakubali, kukusanya kwa LUKU ni rahisi kuliko kumfukuzia mwenye nyumba kwa bili ya karatasi. Lakini tazama kilichompata yule afisa wa ramani. Jana alikuwa anapima thamani ya jengo, anasahihisha mipaka, anaingiza nyumba mpya. Leo mita ya umeme haijali nyumba ipo mtaa gani, ina ukubwa gani wala inakaribiana na barabara ipi. Ujuzi wake haukuchakaa, ila wenye mamlaka walimnyang'anya kazi iliyokuwa inauweka hai. Na mwaka uliofuata bila shaka walimwalika semina.

Hilo ndilo ninalolishtaki. Mkono mmoja unafundisha, mkono mwingine unanyang'anya kazi, na mikono yote miwili ni ya serikali ile ile.

Twende kwenye damu sasa. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika kwa mvua iliyoelezwa kuwa haijaonekana Dar es Salaam tangu 1954. Watu kadhaa wakafa, maelfu wakakosa makazi, wengine wakapelekwa Mabwepande. Aliyetazama ramani yoyote ya mwinuko, hata ile iliyopimwa kwa rada Februari 2000, angeona eneo la Jangwani ni sakafu ya mto. Pamoja na msiba huo uliokuwa bado mbichi, karakana ya mabasi yaendayo kasi ikajengwa Jangwani. Maji yakaja, kama yanavyokuja, yakaingia kwenye karakana, mabasi yakakaa kwenye matope na huduma ikasimama. Sio mara moja. Sasa tunakopa dola kwa mamilioni, Benki ya Dunia tena, kulitengeneza bonde lote la Msimbazi. Nauunga mkono mradi huo. Ila naomba mtu anionyeshe ni ofisi ipi iliyoandika, kabla jiwe la kwanza halijawekwa, kwamba hapa ni mtoni. Kama hakuna aliyeandika, tuna tatizo la ujuzi. Kama yupo aliyeandika na hakusikilizwa, tuna tatizo ambalo hakuna mafunzo yatakayolitibu.

Na Katesh. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikafukia nyumba na soko. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sitamdanganya msomaji: hakuna setilaiti ambayo ingesema mlima utameguka Jumapili. Lakini miteremko mikali inapimika. Njia za vijito vinavyotoka mlimani zinachoreka kwa mchana mmoja. Makovu ya maporomoko ya zamani kwenye mlima huonekana kwenye picha hata miaka mingi baadaye. Ukiweka hayo matatu juu ya ramani ya makazi unapata orodha ya vitongoji vinavyopaswa kujua pa kukimbilia mvua ikizidi. Tuna milima mingapi yenye miji miguuni mwake? Lushoto, Same, Morogoro, Mbeya. Nauliza wakurugenzi wa huko hadharani: orodha hiyo ipo mezani kwenu, au mnasubiri tume?

Kuna jambo watu hulisema pembeni, kwa sauti ya chini, na mimi nitalisema hapa. Ramani nzuri ni hatari kwa wakubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Mita 60 ni miraba sita ya Sentinel-2. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mwenye kompyuta ya mkononi na bando la siku, anaweza kutoka juu ya picha mtaani kwako hadi mwisho wa pwani ya wilaya akahesabu kila hoteli na kila jumba kubwa lililomo ndani ya miraba hiyo sita. Mchana mzima haumwishii. Anayetaka orodha hiyo isomwe kwenye baraza ni nani? Kwa maskini wa bondeni, bila shaka, ramani ilipatikana: mwishoni mwa 2015 alama za X zilipigwa kwenye kuta za Msimbazi na matingatinga yakafuata. Nasubiri siku X itakapopigwa kwenye ukuta wenye kamera na mlinzi.

Ndiyo maana mafunzo ya kawaida yanapendwa sana na wakubwa. Yanatoa vyeti bila kutoa majina. Mtaalamu anafundishwa kupaka rangi, haambiwi kwamba rangi nyekundu ikiangukia kiwanja cha mtu fulani ana wajibu wa kuandika na ulinzi wa kutofukuzwa kwa kuandika. Tena anayepelekwa si yeye. Mwaliko ukifika masijala, unapanda kwa mkuu wa idara, na mkuu wa idara anagundua ghafla kwamba anapenda sana ramani. Kama hana nafasi, anatumwa ambaye hajasafiri robo hii. Yule kijana mpima ardhi aliyesoma Chuo cha Ardhi Morogoro, anayejifunza QGIS usiku kwa bando lake na kompyuta yake yenye betri iliyovimba, anaachiwa kazi ya kumsubiri bosi arudi na kalamu na mkoba wa semina. Akibahatika kwenda, ndani ya mwaka anahamishwa, na ofisi inabaki bila nywila ya akaunti.

Tunajua njia nyingine ipo, kwa sababu tumeshaipita. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukawatia mitaani pamoja na wakazi, wakachora mitaro, vivuko, njia za uchochoroni na mahali maji yalipofikia. Mjumbe wa nyumba kumi anayeijua kila chemba ya mtaa wake alikuwa mwalimu hapo sawa na profesa. Mwaka uliofuata Zanzibar, Kamisheni ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA walirusha droni kuchora Unguja na Pemba. Hawakwenda kujifunza kwanza halafu wakasubiri kazi. Visiwa vilitakiwa vichorwe, ujuzi ukaja njiani. Mwaka 2022 tulihesabu watu 61,741,120 kwa vishikwambi, na mwaka huo huo operesheni ya Anwani za Makazi ikaweka namba na alama kwenye nyumba za nchi nzima. Makarani wale hawakuwa wataalamu wa kijiografia. Walipewa kifaa, eneo lenye mipaka, tarehe ya mwisho na mtu wa kuwadai. Sensa ilipokwisha vishikwambi vikaenda kwa walimu, jambo jema, lakini mtendaji wa kata aliyezungushwa jua zima kutafuta mipaka ya eneo la kuhesabia hakubakiziwa hata ramani ya kata yake mwenyewe ukutani. Ingia ofisi yoyote ya kata uone. Kuna picha ya Rais, kalenda ya benki, na ubao wa matangazo ya mnada.

Nasikia tayari jibu la wizarani: tuna washirika wa maendeleo, kuna kituo cha kikanda Nairobi, RCMRD, Tanzania ni mwanachama, wanatufundishia. Kituo hicho kipo tangu 1975 na kimefanya kazi ya heshima. Lakini mmoja wa mikono iliyokuwa ikikishika ni mpango wa SERVIR wa NASA na USAID, na 2025 Marekani iliivunja USAID kwa miezi michache tu, bila kumuuliza mkurugenzi yeyote wa halmashauri kama alikuwa katikati ya mafunzo. Ukiweka ujuzi wa kuona nchi yako kwenye fungu la bajeti ya nchi nyingine, siku wakibadili rais unapofuka. Halmashauri zina mapato ya ndani. Asilimia 10 yake tumeweza kuitenga kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Basi tusiambiwe kompyuta mbili, bando la mwezi na mshahara wa mtaalamu mmoja wa ramani ni mzigo usiobebeka, wakati Mwenge wa Uhuru unapopita, wilaya hupaka rangi hadi mawe ya barabarani.

Ninachotaka ni kidogo, na sitaki kiitwe mkakati. TAMISEMI itoe waraka wa ukurasa mmoja: hakuna kibali cha ujenzi, mradi wa barabara, shule wala zahanati kitakachopita kamati bila ramani ya mwinuko, ya njia za maji na ya zile mita 60, yenye jina na saini ya afisa aliyeichora. Ukurasa mmoja huo utafundisha watu wengi kuliko kumbi zote za Bagamoyo, kwa kuwa kuanzia siku hiyo mkuu wa idara atamtafuta yule kijana mwenye betri iliyovimba badala ya kumkimbia. Mafunzo yafanyike ofisini kwake, kwenye picha ya wilaya yake, juu ya mgogoro ulioko kwenye faili sasa hivi. Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo kikae naye mwaka mzima, kimtembelee, kimsahihishe. Wafundishwe watatu kwa pamoja ili mmoja akihama wawili wabaki. Na ramani ibandikwe nje, kwenye ubao ule wa mnada, wananchi waione na waipinge kama imekosea. Watakosoa vizuri kuliko mkaguzi yeyote.

Wapo watakaosema afisa mmoja hawezi kusimama na saini yake mbele ya mkuu wa wilaya anayetaka mradi uanze kesho. Peke yake hawezi, kweli. Kwa hiyo waraka useme pia kwamba atakayepitisha mradi kinyume na ramani naye aandike jina lake na sababu zake chini ya ile saini. Maji yakija tutajua pa kuanzia kuuliza, na CAG atakuwa na karatasi ya kusoma.

Mheshimiwa diwani, neno langu la mwisho ni kwako, maana fungu la semina linapita mkononi mwako. Kitabu cha bajeti kikiwekwa mezani, usikubali kusomewa idadi ya waliopata mafunzo. Simama uulize: mwaka huu ni kibali gani kimekataliwa katika halmashauri hii kwa sababu ya ramani, ni afisa gani aliyekikataa, na mwombaji alikuwa nani? Mkurugenzi akitazama karatasi zake na kunyamaza, lifute fungu hilo siku hiyo hiyo, na fedha zake zinunue kompyuta ya yule kijana.